Dozi ya Jasho

Mwaka 1953 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Dkt. Jeremy Morris na wenzake kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yenyewe yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa kitini zamu nzima, na konda alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, mamia ya vidato kila siku. Walikuwa watu wa tabaka moja, wakifanya kazi ndani ya gari moja na kuvuta moshi uleule. Hata hivyo, madereva ndio waliougua moyo zaidi, na walipougua, wengi wao walikufa mapema kuliko makonda.

Mwaka 1956 Morris alilirudia jambo hilo kwa jicho la kulitilia shaka. Alichukua kumbukumbu za sare za kazi, akatazama vipimo vya suruali. Akakuta viuno vya madereva ni vipana kuliko vya makonda, hata miongoni mwa vijana. Je, ngazi ndizo zilizomlinda konda, au watu wembamba ndio waliokwenda kwenye ukonda tangu mwanzo? Swali hilo alikaa nalo miaka mingi, akaligeuza huku na huku, mpaka akafika kwa watumishi wa serikali wanaokaa ofisini na kuwauliza wanafanya nini mwisho wa juma.

Naanza na mabasi hayo kwa sababu yanaieleza shahada ya sayansi ya mazoezi na afya vizuri kuliko uwanja wowote wa riadha. Kiini cha somo ni swali moja: mwili ukipewa kazi kiasi fulani, kwa kasi fulani, kwa muda fulani, unabadilika vipi, na tunajuaje kwamba ni kazi hiyo iliyoubadilisha na si kitu kingine? Ni somo la dozi. Nami naamini kwamba kwetu Afrika Mashariki tumeliacha likae mno kivulini mwa medali, wakati wanaolihitaji zaidi ni watu ambao hawatashindana na mtu yeyote maishani mwao.

Kijana akiwaambia wazazi kwamba amechaguliwa kusoma sayansi ya mazoezi, mara nyingi ataulizwa: kwani kuna shahada ya kukimbia? Swali hilo lina asili yake. Kwetu somo hili limekua bega kwa bega na kazi ya kuandaa walimu wa elimu ya viungo, na idara zetu bado zinabeba ukoo huo. Chuo Kikuu cha Kenyatta, pale Kahawa kando ya barabara ya Thika, kina idara inayojumuisha elimu ya viungo, mazoezi na sayansi ya michezo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha elimu ya viungo pamoja na sayansi ya michezo. Kwa hiyo wengi wanaojiunga ni vijana waliocheza shuleni, wenye miguu mizuri na moyo wa ushindani, wakidhani watapewa cheti kwa jambo wanalolijua tayari.

Muhula wa kwanza huwapokea kwa mifupa 206, majina ya misuli, na biokemia. Wanatakiwa waeleze jinsi sukari inavyovunjwa ndani ya seli hatua kwa hatua, nini hufanyika oksijeni ikiwapo na nini hufanyika isipotosha. Baadaye huja baiomekanika, ambayo ni fizikia ya nguvu na pembe iliyovaa viatu vya michezo, halafu saikolojia, lishe, na takwimu. Wanaotoroka kozi hii kwa kawaida hutoroka hapa, na nawaonea huruma, kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema. Anayependa sana mpira lakini hakuwahi kuipenda biolojia ya kidato cha nne atateseka. Aliyependa biolojia lakini hajawahi kuvaa jezi ya timu yoyote anaweza kufanya vizuri kabisa.

Mambo hugeuka wanapoingia maabara. Tazama kipimo kimoja kwa karibu. Mwanafunzi amepanda tredmili, mkanda wa kupimia mapigo umefungwa kifuani, na barakoa ya mpira imebana pua na mdomo. Bomba linapeleka pumzi yake kwenye mashine. Hewa tunayoivuta ina oksijeni karibu asilimia 21, na ile tunayoitoa imebakiwa na kama asilimia 16 au 17. Mashine inapima tofauti hiyo, inapima na wingi wa hewa kwa dakika, na kutoka hapo inahesabu oksijeni ambayo mwili umeitumia. Kila baada ya muda mfupi kasi inaongezwa. Mwenzake amesimama kando na chati ya Borg, yenye namba kuanzia 6 hadi 20, na kwa kuwa mkimbiaji hawezi kusema, anaonyesha kwa kidole jinsi anavyojihisi: 11, 13, 15. Namba hizo hazikuwekwa kiholela. Kwa kijana mwenye afya, ukizidisha kwa 10 unakaribia mapigo yake ya moyo kwa dakika.

Kisha linatokea jambo ambalo kitabu hakiwezi kulionyesha vizuri. Kasi inapanda tena, miguu inafuata, lakini mstari wa oksijeni kwenye skrini unalala. Mwili umefika ukomo wake wa kuichukua na kuitumia oksijeni. Sekunde chache baadaye kidole kinagusa 19, mkono unapiga ukingo wa mashine, na tredmili inasimamishwa. Kijana anavua barakoa, jasho linamtiririka, anauliza: nimepata ngapi? Akiambiwa 46, maana yake ni mililita 46 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili wake kwa dakika. Huo ni uwezo wa kijana wa kawaida mwenye afya.

Aliyelifikisha wazo hili la ukomo kwenye sayansi ni Mwingereza Archibald Hill, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi yake juu ya misuli. Mapema miaka ya 1920, huko Manchester, alikimbia mwenyewe akiwa na mfuko wa kukusanyia pumzi zake mgongoni. Mashine zimebadilika, lakini hesabu inayofanywa Kahawa leo ni ileile.

Kwa mwanafunzi wa Kenya hesabu hiyo ina ladha yake, kwa kuwa mabingwa ni majirani. Katika utafiti uliochapishwa na Andrew Jones na wenzake mwaka 2021, wanariadha 16 wa kiwango cha juu walipimwa wakati wa maandalizi ya kuvunja saa mbili katika marathoni. Wastani wao ulikuwa karibu 71. Kukimbia kilomita 21.1 kwa saa, kasi ya kumaliza marathoni kwa saa mbili, kunadai karibu mililita 67. Kwa hiyo bingwa anapaswa kuishi ukingoni mwa uwezo wake kwa muda wote huo bila kudondoka. Ndiyo maana ukomo wa oksijeni peke yake haumtengenezi bingwa. Kuna sehemu ya ukomo huo anayoweza kuistahimili kwa muda mrefu, na kuna jinsi anavyoitumia oksijeni kwa ubahili katika kila kilomita. Mmarekani Michael Joyner aliyaunganisha mambo haya matatu mwaka 1991, akahesabu kwamba mwanadamu angeweza kumaliza marathoni kwa 1:57:58. Wakati huo hesabu hiyo ilionekana ya ajabu. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alimaliza kwa 1:59:40 mjini Vienna, katika mbio zilizopangwa maalumu na zisizohesabiwa kama rekodi.

Profesa Vincent Onywera, akiwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, aliandika na wenzake kuhusu wakimbiaji wa Kenya: wametoka wapi, walifikaje shuleni utotoni, wanakula nini. Katika utafiti wa chakula uliochapishwa mwaka 2004, zaidi ya robo tatu ya nishati ya wakimbiaji waliofuatiliwa ilitoka kwenye wanga, na ugali ukiwa mbele, pamoja na wali, mkate, maziwa na sukari ya chai. Ningependa mwanafunzi asome utafiti wa namna hii mapema, aone kwamba sufuria ya ugali inaweza kupimwa kwa uangalifu uleule wa maabara za Ulaya.

Sehemu nyingine ya masomo ni kung'oa mambo tuliyozoea kuyasema. Watu husema kwamba Iten, mji wa wakimbiaji wa Kenya ulio karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, oksijeni ni chache kwenye hewa. Asilimia ni ileile ya Mombasa. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe, kwa hiyo kila pumzi inaingiza molekuli chache, na figo zikihisi upungufu huo hutoa homoni inayoamsha uboho utengeneze chembe nyekundu zaidi za damu. Watu husema pia kwamba maumivu ya misuli siku ya pili ni asidi ya lakteti iliyoganda. Lakteti huondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, na mwili huitumia kama chanzo cha nishati, moyo ukiwa miongoni mwa walaji wake wakubwa. Maumivu yale hutokana na nyuzi za misuli zilizojeruhiwa, hasa pale msuli unapofanya kazi huku ukirefuka. Ndiyo sababu anayeshuka mlima huumwa mapaja kesho yake kuliko aliyeupanda.

Hadi hapa bado tuko karibu na uwanja. Thamani kubwa ya shahada hii, kwa maoni yangu, iko kwenye neno la mwisho la jina lake: afya. Chukua ugonjwa wa kisukari wa aina ya pili. Msuli uliotulia unaingiza sukari kutoka kwenye damu kwa amri ya insulini. Katika kisukari cha aina hii amri hiyo haisikiki vizuri. Lakini msuli unaofanya kazi una mlango mwingine. Unapojikunja na kukunjuka, unatuma wenyewe vibebeo vya sukari kutoka ndani ya seli hadi kwenye ukuta wake, insulini ikisikika au isisikike. Mgonjwa anayetembea baada ya chakula cha mchana anautumia mlango huo. Mwanafunzi akiwa na glukomita anaweza kuliona jambo hili kwa tone la damu kabla ya matembezi na jingine baada yake.

Faida ya mazoezi yakiambatana na kupunguza uzito ilipimwa Marekani katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, likiwa na watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi moja lilipewa vidonge vya metformin. Jingine lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, kama vile kutembea kwa kasi. Wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa, waliotumia metformin walipungukiwa na uwezekano wa kuugua kwa asilimia 31, na waliobadili maisha kwa asilimia 58. Dakika 150 ndizo Shirika la Afya Duniani linazozitaja hadi leo kama kiwango cha chini kwa mtu mzima, na katika mwongozo wake wa 2020 limeweka 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi kwa wiki.

Sasa ingia kliniki ya kawaida ya presha na sukari. Foleni ni ndefu, daktari ana dakika chache, na mwishoni anasema: "Mama, upunguze chumvi, na ufanye mazoezi." Mama anaitikia, anachukua dawa, anaondoka. Mazoezi gani? Mangapi? Goti lake la kulia linauma tangu mwaka jana. Hakuna anayempa mgonjwa kidonge bila kuandika mara ngapi kwa siku, lakini mazoezi yanatolewa hivyo kila asubuhi.

Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri anajua maswali ya kuuliza hapo. Kwanza, mama anatumia dawa gani? Ikiwa ni atenolol au dawa ya kundi hilo, mapigo ya moyo wake yamezuiwa yasipande, kwa hiyo kumwambia afikishe mapigo 120 ni kumpa amri ambayo moyo wake huenda usiweze kuitii, au uitii kwa taabu. Atapimwa kwa njia nyingine: atembee kwa kasi inayomruhusu kuongea na jirani yake lakini asiweze kuimba. Ikiwa anatumia insulini au glibenclamide, matembezi marefu bila kula yanaweza kuishusha sukari hadi atetemeke na kupoteza fahamu, hivyo apime kabla na abebe kitu kitamu. Miguu yake ikaguliwe, maana mgonjwa wa kisukari anaweza kupata kidonda kwa kandambili na asikihisi. Na goti? Aanze kwa kuinuka kitini na kukaa, mara nane au kumi, ili misuli ya paja ishike sehemu ya uzito ambao sasa unabebwa na kiungo. Wiki mbili baadaye aongezewe kidogo. Huo ndio ujuzi wa dozi, na haupatikani kwa kuwa na misuli ya kupendeza.

Hapa ndipo takwimu zinapolipa taabu yake. Karibu kila jimu ina bango linalosema mapigo ya juu kabisa ya moyo ni 220 ukitoa umri. Kanuni hiyo ilienea kuanzia miaka ya 1970 na haikutokana na utafiti uliopangwa kwa ajili yake. Mwaka 2001 Hirofumi Tanaka na wenzake walikusanya takwimu nyingi, wakapendekeza 208 ukitoa umri uliozidishwa kwa 0.7. Kwa mtu wa miaka 60, kanuni ya kwanza inatoa 160, ya pili 166. Jambo zito zaidi ni kwamba hata kanuni bora inaeleza wastani tu. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana kwa mapigo 20 na wote wakawa wazima. Asiyeelewa mtawanyiko atamsukuma mmoja kupita kiasi na kumzembesha mwingine, akiwa na bango lilelile ukutani.

Basi kwa nini kliniki hiyo haina mtu huyu? Fiziotherapia ni taaluma inayotambuliwa, Kenya ina sheria yake ya mwaka 2014, na hospitali zina nafasi zake. Kazi ya fiziotherapia huanzia kwenye jeraha, kiharusi, mfupa uliovunjika. Mtaalamu wa mazoezi angepaswa kusimama upande mwingine, kwa mgonjwa wa muda mrefu anayehitaji kujenga uwezo kwa miezi na miaka. Australia wana wataalamu wa namna hiyo: daktari humwandikia mgonjwa rufaa, na mfuko wa bima ya afya ya taifa hulipa sehemu ya gharama. Kwetu kiti hicho hakijawekwa vizuri, na mhitimu mwenye ujuzi wa kuwasaidia wagonjwa wa sukari mara nyingi huishia kuhesabu mizunguko ya wateja kwenye jimu ya mjini. Hilo linaniuma, kwa sababu mtu yupo na mgonjwa yupo.

Njia nyingine zipo. Kenya sasa imeuweka mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo miongoni mwa mikondo mitatu ya shule za sekondari ya juu, na mikondo huhitaji walimu. Timu na vyama vya michezo vinahitaji watu wa kupima na kurekebisha mazoezi. Kampuni zinaanza kufikiria migongo ya wafanyakazi wao. Lakini ningemshauri mwanafunzi asisubiri kiti kiwekwe. Anapochagua chuo, aulize kama tredmili na mashine ya kupima pumzi zinafanya kazi, au zimefunikwa turubai zikisubiri kifaa kimoja kutoka nje. Aulize mafunzo ya vitendo yanafanyika wapi. Kama majibu yote ni uwanja na jimu, aombe mwenyewe kupelekwa kliniki ya kisukari, hata kwa muda mfupi, akae pembeni asikilize wagonjwa wanavyoeleza siku zao.

Na anapofika kwenye mradi wa mwaka wa mwisho, achague swali la hapa. Mwaka 1986 mwanafiziolojia Mkenya Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya wanawake wa Kijaluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikuyu wanaoibeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Waliwatembeza wakiwa wamebeba, wakapima oksijeni. Mpaka mzigo ulipofika asilimia 20 ya uzito wa mwili, matumizi ya nishati hayakupanda. Utafiti wa mwaka 1995 ulitafuta sababu, ukaiona kwenye mwendo wenyewe: wanawake hao, wakiwa na mzigo, huhifadhi nishati kutoka hatua moja hadi nyingine vizuri kuliko watu wasiozoea.

Maswali ya aina hiyo hayajaisha. Mwili wa msukuma mkokoteni sokoni Kongowea, Mombasa, unafanya kazi kiasi gani kwa siku, na presha yake ikoje akilinganishwa na muuzaji anayekaa kibandani? Mtoto anayetembea kwenda shule akihamishiwa kwenye basi la shule, anazipata wapi dakika 60 za kila siku anazotakiwa kuzipata? Mashine kubwa si lazima. Saa, mizani, kipimo cha presha na kifaa kidogo cha kuhesabu hatua vinatosha kwa mradi wa shahada ya kwanza. Kinachochelewesha zaidi ni kibali cha kamati ya maadili, kwa hiyo anayetaka kuwapima watu hawa mwaka wa nne aandike pendekezo lake kabla mwaka wa tatu haujaisha.